Jikoni na Anti: Tui langu mbona linakatika?

SWALI: Anti shikamoo. Niko Arusha, mume wangu mtu wa Tanga, kwetu nazi hatukuizoea kabisa. Najifunza maharage ya nazi na samaki wa kupaka ila tui langu linatoka jepesi majimaji, halafu nikilitia kwenye mchuzi linakatika, mafuta juu, maji chini, katikati vibonge vyeupe. Nakosea wapi? Na la boksi linafaa?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kung'ang'ana.

Wepesi kwanza, nahisi ni maji unayokamulia. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, sasa we uko Arusha, mwezi wa saba huo maji ya bomba yanauma vidole, ukikamulia hayo mafuta yote yanabaki kwenye chicha (yale makapi ya nazi) unaambulia maji meupe tu. Tumia maji ya vuguvugu. Nazi moja kubwa iliyokomaa, kikombe kimoja kinatosha kwa tui la kwanza, kamua hasa mpaka chicha ikauke mkononi, liweke pembeni, ndo uongeze vikombe viwili upate la pili. Usiyachanganye jamani, hapo ndo wengi wanapoharibu!

Haya, kukatika. Tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini kidogo ya nazi yenyewe, na moto mkali au uchachu wa ndimu, ukwaju au nyanya ndo unaovunja huo mshikamano. Kwa hiyo maharage chemsha yaive kabisa yalainike, nyanya bado (vitu vichachu vinayachelewesha kulainika), kisha weka kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi nzima isipasuke, na tui la pili, yachemke taratibu mpaka nyanya iive na rojo lianze kushika. Mwisho kabisa punguza moto, mimina lile zito, koroga bila kuachia, mwiko ufike chini, sufuria usifunike. Ukiona mapovu madogo yanapanda pembeni onja chumvi uepue, usilisubiri litokote. Na likikatika usimwage, sura tu ndo imeharibika, ladha iko palepale.

Samaki wa kupaka mi ningekwambia subiri kidogo, maharage yakikukubali mara kadhaa mkono utakuwa ushaujua moto. Pale tui linapikwa na manjano na thomu (kitunguu saumu) mpaka liwe zito, ukwaju unaingia mwishoni kidogo kidogo huku unakoroga, halafu unampaka samaki aliyekwisha kuiva kwenye mkaa, unamgeuza, unampaka tena.

La boksi linafaa sana, mengi yametiwa vitu vya kuzuia lisijitenge ndo maana linavumilia moto kuliko letu. Angalia tu lisiwe la sukari, na likiwa zito lipunguze kwa maji upate la pili. Ila harufu ya nazi iliyokunwa muda huohuo huipati humo, sitakudanganya.

Sokoni itikise nazi kwanza, usiposikia maji ndani iache. Ukizipata nzuri nunua kadhaa, zikune zote, gawa kwenye vifuko uweke friza, siku ya kupika unamwagia maji ya moto kidogo unaacha ipoe ndo unakamua.