Muulize Fundi Umeme: Taa moja inang'aa, nyingine imefifia

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina lori dogo la zamani la volti 12, taa zake za mbele zinatumia balbu za H4. Ya kulia ni nzuri, ya kushoto inatoa mwanga wa njano usiofika popote. Nikiwasha indiketa, na taa hiyo inapepesa. Jambo jingine la ajabu: nikiwa kwenye dimu (mwanga wa karibu), kile kitaa cha buluu cha fulu (mwanga wa mbali) kwenye dashibodi kinawaka kwa mbali. Fundi mmoja anasema alternata, ile inayozalisha umeme wa gari, imechoka, mwingine ananishauri nifunge balbu za wati 100. Nimfuate nani? – Dereva wa Usiku

JIBU: Marahaba, dereva. Kwa sasa usimfuate yeyote. Alternata ikichoka haichagui upande. Taa zote mbili zingefifia, na zingepata nguvu kila ukikanyaga mafuta. Ya kulia ni nzuri, basi alternata tuiache ipumzike.

Kitaa cha buluu ndicho kilichotoboa siri. Ndani ya balbu ya H4 mna nyuzi mbili, wa dimu na wa fulu, na zote zinatumia waya mmoja wa athi, yaani ule unaorudisha umeme betri kupitia bodi. Waya huo ukiota kutu, umeme uliopita kwenye uzi wa dimu hutafuta njia nyingine. Unaingia uzi wa fulu wa balbu ileile, unarudi kinyumenyume kwenye waya wa fulu mpaka taa ya pili, na huko ndiko unakopata athi iliyo nzima. Njiani unakipitia kitaa cha dashibodi. Ndiyo maana vitu vingi vinawaka kwa pamoja na hakuna kinachowaka sawasawa. Indiketa nayo mara nyingi imefungwa athi kwenye bolti hiyohiyo, kwa hiyo zinagombania njia moja mbovu.

Kulithibitisha hakuhitaji gharama. Washa taa, chukua kipande cha waya, ncha moja igusishe hasi ya betri na nyingine tamino (ncha ya kuungia waya) ya athi nyuma ya balbu ya kushoto. Taa ikiruka ghafla ikawa nyeupe, umemaliza kutafuta.

Mwenye mita atapata jibu la uhakika zaidi, ila hapa ndipo wengi wanapopotea, hata mafundi. Mtu anachomoa soketi ya taa, anapima, anaona volti 12, anatangaza kwamba waya ni mzima. Si kweli. Soketi ikiwa imechomolewa hakuna umeme unaotembea, na waya uliooza ukabakiwa na unyuzi mmoja bado utakuonyesha volti zote 12. Pima taa ikiwa inawaka, soketi ikiwa mahali pake, ncha za mita ukizipenyeza kwa nyuma. Kwanza kati ya hasi ya betri na athi ya balbu: ukiona zaidi ya volti 0.2 hivi, athi ina kasoro. Kisha kati ya chanya ya betri na chanya ya balbu: ikivuka volti 0.5, umeme unapotelea kwenye swichi, fyuzi au maungio. Usizidharau namba hizo ndogo. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

Kutengeneza ni kazi ya msasa. Fungua bolti ya athi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, badilisha kichwa cha waya, weka washa yenye meno, kaza, na grisi ipake mwisho kabisa. Lori likishapigwa rangi upya, bolti nyingi za athi hufungwa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Ukiwa hapohapo kagua na waya mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye chesisi.

Balbu za wati 100? Sizipendi. Balbu mbili za wati 55 zinavuta takriban ampea 9. Mbili za wati 100 zinavuka 16. Katika malori mengi ya zamani umeme huo wote unapita ndani ya swichi ya taa, na soketi za plastiki huyeyuka. Ukitaka mwanga, funga rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo ili ule mkubwa usipite kwenye swichi ya taa, ya dimu na ya fulu: tamino yenye namba 30 itoke betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 iende kwenye taa, 86 ipokee waya wa zamani wa swichi, 85 iende athi. Ila chunguza kwanza. Baadhi ya magari ya Kijapani swichi yake hukata upande wa hasi, na ukiyafunga hivyo rilei hazitafanya kazi.

SWALI: Taa za mbele za pikapu yangu ya Kimarekani ya miaka ya 1970 huzima zote nikiwa barabarani, kisha huwaka zenyewe. Fyuzi yake siioni. – Mwenye Pikapu

JIBU: Huioni kwa sababu nyingi za aina hiyo hazina fyuzi ya taa. Ndani ya swichi mna kikata umeme cha joto: kikipata moto kinaachia, kikipoa kinashika tena. Uliza kama mwenye gari wa kwanza alidandia taa za ziada kwenye waya wa taa kubwa. Zipo? Ziondoe, uzipe rilei yake. Hazipo? Fungua waya wa betri, chomoa plagi ya swichi uitazame. Ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia au imeyeyuka, nunua swichi na plagi pamoja, maana plagi iliyoungua itaichoma swichi mpya. Ikiwa safi, tafuta waya uliochubuka unaogusa bodi. Usikubali mtu akiruke kikata umeme hicho kwa kipande cha waya: shoti ikitokea, kitakachoungua ni waya wote wa taa.