Lipa mkononi mwa aliyeshika jembe

Juzi usiku kijana mmoja wa Mbarara, hapa Uganda, ameniandikia. Ameanzisha kampuni ya kutengeneza bustani, amepata kazi yake ya kwanza kubwa kwenye uwanja wa hoteli, na kuna mtu anayeahidi kumletea vijana ishirini "wasiosumbua" kwa bei ya chini. Anauliza: "Dada, nimchukue?"

Nililirudia neno hilo mara tatu. Wasiosumbua. Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2017, na nilifurahi.

Usimchukue, ndugu yangu. Jibu langu ni hilo, na sasa nikusimulie lilikotoka.

Mwaka ule nilikuwa na toroli tatu, mashine moja ya kukata nyasi na mkopo shingoni. Nikapata kazi ya nyumba nane mpya karibu na barabara ya Entebbe: kusawazisha udongo, kupanda nyasi za pasipalamu, kutandaza njia za mawe. Nilipewa wiki sita, maana mvua zilikuwa zinaelekea kuisha. Vibarua niliowazoea walitaka shilingi 20,000 kwa siku. Akatokea nyapara mmoja akasema atanipa vijana tisa kwa 15,000 kila mmoja, na shida zao zote atabeba yeye. Kila Jumamosi nilimhesabia fedha taslimu, akasaini kwenye daftari, tukaagana. Vijana walifika kabla ya jua na walifanya kazi kimya. Siku moja niliusifia ukimya wao mbele ya mteja. Kati ya yote yaliyotokea pale, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wiki ya nne mmoja wao alijikata mguu kwa panga. Nyapara hakuwapo, nikampakia kwenye gari langu mpaka kliniki. Muuguzi akaomba kitambulisho. Kijana akasema kiko kwa bosi. Nikamwambia bosi ni mimi. Akatikisa kichwa: "Hapana, mama. Bosi."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, changu ni cha Tororo, mpakani na Kenya, tukaelewana polepole wakati jeraha linashonwa. Walikuwa wametoka Napak, kule Karamoja. Nauli ya kuja Kampala waliandikiwa deni. Ugali na maharagwe, deni. Hata panga lililomkata lilikuwa deni. Walilala wote kwenye stoo moja, na usiku mlango ulifungwa kwa kufuli kutoka nje. Wiki nne nzima hajashika shilingi hata moja. Nilipokuja kuongea na wenzake, niligundua kuwa wawili ni watoto kabisa.

Na mimi nilikuwa nimelipa kila kitu kwa wakati! Daftari langu lilikuwa safi.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yeye akanipeleka polisi. Nyapara alipopata habari akatoroka. Mteja naye akaniambia nimeleta polisi kwenye nyumba zake, akanifukuza, na fungu la mwisho la fedha zangu hajalilipa mpaka leo. Sitamtaja, ila sijasahau. Kuna watu wanaopenda bustani nzuri kuliko mtu aliyeinama kuipanda.

Baadaye nilianza kusoma. Shirika la Kazi Duniani lina dalili kumi na moja za kazi ya kulazimishwa. Nilizipitia kwa kidole: deni, vitambulisho kushikwa, mshahara kuzuiliwa, mtu kufungiwa, kudanganywa, kutumia shida ya mtu, malazi ya dhuluma. Saba zilikuwa uwanjani kwangu na mimi nikapita katikati yake nikipima miteremko ya maji. Shirika hilo hilo lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa kwenye kazi ya kulazimishwa. Tisa kati yao, kwa hesabu ya moyo wangu, ni wangu.

Sheria tunayo. Sheria yetu ya mwaka 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inagusa anayesafirisha watu na hata anayewapokea ili wanyonywe, na utumwa wa deni umo ndani yake. Kifungo chake kinaweza kufika miaka kumi na mitano, na hata maisha makosa yakiwa mazito. Sheria ya Ajira ya 2006 nayo inataka mshahara umfikie mfanyakazi mwenyewe. Lakini kima cha chini cha mshahara kilichomo kwenye vitabu vyetu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha mwaka 1984. Kwa hiyo usingoje serikali ikwambie kiasi gani ni haki. Kaa chini upige hesabu: chakula, chumba, nauli. Bei unayompa mteja ikishindwa kubeba hivyo vitatu kwa kila mtu wako, kazi hiyo iache ipite.

Kwangu siku hizi kila kibarua analipwa kwa simu, kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Asiye na simu nampa fedha mkononi, naye anasaini mwenyewe. Kitambulisho nakiangalia na kukirudisha pale pale. Kabla ya kazi kuanza nazungumza na kila mmoja peke yake, nyapara akiwa mbali: umetokaje kwenu, unalala wapi, unadaiwa na nani? Maswali hayo yanachukua dakika kumi. Mtu akikuletea vijana halafu hataki uongee nao, tayari amekujibu.

Watu wakishapanga malipo ya vibarua hivyo hudhani wamemaliza. Mawe je? Miaka mingi nilinunua mawe na kokoto kwa simu, lori likaja, nikalipa. Siku niliyokwenda mwenyewe machimboni, upande wa Mukono, nilikuta akina mama wanaponda kokoto kwa nyundo na watoto wao pembeni wanaponda pia. Wanalipwa kwa debe. Debe likiwa rahisi mno, mama peke yake hawezi kulijaza mara za kutosha kupata mlo, ndipo mtoto anapewa nyundo. Anayeshusha bei ya debe anamvuta mtoto machimboni, na mmoja wa walioshusha nilikuwa mimi.

Sikuwakimbia, maana nikiwakimbia wangelala njaa. Nilipandisha bei, nikaomba watoto wawe shule, na naenda kuangalia bila kutoa taarifa. Ukiona mtoto yuko hatarini piga 116, ni bure. Bustani zangu zilipanda bei, wateja wawili wakaondoka. Mwaka huu lakini nimepata kazi ambayo sikuiota: kampuni ambayo kampuni mama yake iko Uingereza, ambako tangu 2015 kampuni kubwa zinatakiwa kutoa tamko la kila mwaka kuhusu utumwa mamboleo. Walinitumia fomu ndefu kuhusu wafanyakazi na wauzaji wangu, na mimi nikawapelekea daftari zangu za malipo, jina kwa jina. Najivunia, sifichi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mbarara, mwambie huyo mtu akuletee vijana uzungumze nao na kuwalipa mwenyewe. Wauza nyasi nao waulize waliozichimba ni akina nani. Gunia la pasipalamu linaloshushwa alfajiri lina mikono ya watu nyuma yake.

Yule aliyejikata mguu sasa anasimamia kitalu changu cha miche. Watoto wawili walichukuliwa na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, watano niliwakatia tiketi za basi wakarudi kwao. Wa tisa alitoroka usiku ule ule wa polisi, nikamtafuta wiki mbili bila kumpata. Ningependa kuandika jina lake hapa. Nimefungua daftari la 2017 ukurasa kwa ukurasa, na kila Jumamosi kuna saini moja tu, ya nyapara.