Nyumba ya kiwandani: bei nafuu, lakini ardhi ni ya nani?

Swali: Ndugu wahariri, salamu. Mimi na mume wangu tuko Abilene, Texas, na watoto watatu. Tumechoka kulipa kodi ya apatimenti. Muuzaji mmoja anatushauri tuchukue nyumba mpya ya kiwandani, yaani iliyoundwa karakanani ikaletwa kiwanjani, ya vyumba vitatu kwa dola 80,000, iwekwe kwenye kiwanja cha kukodi. Anasema ni sawa na kununua nyumba yoyote. Ndugu zetu wanasema hilo ni treila tu, tutatupa hela. Tumsikilize nani? – Mama wa watatu

Jibu: Dada yetu, ndugu zako wanaizungumzia treila ya zamani. Kuanzia tarehe 15 Juni 1976, kila nyumba ya aina hii inayojengwa Marekani lazima ifuate kanuni za serikali kuu zinazosimamiwa na wizara ya nyumba, HUD. Kanuni hizo zinagusa nguvu ya kuta na paa, nyaya za umeme, mabomba, kinga ya moto na ya baridi. Nyumba inaundwa ndani ya karakana, mbao hazinyeshewi, na inakaguliwa kabla ya kutoka. Ndiyo maana kwa eneo lilelile la sakafu inagharimu kidogo kuliko iliyojengwa papo hapo kiwanjani. Kama nyumba ni mpya na imetengenezwa vizuri, hamtupi hela.

Muuzaji naye amewaficha jambo kubwa. Nyumba iliyokaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, kwa hesabu za benki, ni mali inayohamishika, kama gari. Mkopo wake una riba ya juu na muda mfupi kuliko mkopo wa nyumba wa kawaida. Tuchukue mfano: dola 80,000 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 7 mtalipa kama dola 620 kwa mwezi. Kwa asilimia 10 ni kama dola 772. Tofauti hiyo ya dola 152, mpaka mnamaliza, ni zaidi ya dola 36,000, karibu nusu ya bei ya nyumba yenyewe. Na hapo hatujagusa kodi ya kiwanja. Ikiwa leo ni dola 500 na inapanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 10 itakuwa kama dola 814. Mkopo unaisha siku moja, kodi ya kiwanja haiishi.

Mtaambiwa, "Kiwanja kikiwa ghali, mtahama na nyumba yenu." Msitegemee hilo. Chesisi, yaani fremu ya chuma, iko chini yake, ndiyo, lakini kuihamisha kunahitaji kampuni yenye leseni, kibali cha barabarani, kukata na kuunganisha upya umeme, maji na maji taka, na kama ni ya vipande viwili, kuitenganisha katikati. Ni maelfu ya dola. Tena viwanja vingi vya kukodi havipokei nyumba kuukuu. Mwenye ardhi anajua kwamba hamuwezi kuondoka kwa urahisi, na hapo ndipo mpangaji anapobanwa.

Ushauri wetu ni mmoja: kama mnaweza, tafuteni kipande cha ardhi kwanza, hata kidogo, hata nje kidogo ya mji, mradi masharti ya mahali hapo yanaruhusu nyumba za aina hii na mmeshajua maji yatatoka wapi na maji taka yatakwenda wapi. Texas ina idara yake ya makazi, TDHCA, inayotoa hati ya umiliki wa nyumba hizi. Mkiwa na ardhi yenu mnaweza kuomba hati iandikwe kwamba nyumba ni mali isiyohamishika, kisha nakala isajiliwe wilayani. Hapo mlango wa mikopo ya kawaida unafunguka, ikiwemo ile inayodhaminiwa na FHA, shirika la serikali kuu la mikopo ya nyumba, ambayo inataka pia msingi wa kudumu. Thamani nayo inashikilia vizuri zaidi, maana kinachopanda bei hasa ni ardhi.

Kama kukodi kiwanja hakuepukiki, someni mkataba kabla ya kuweka sahihi ya nyumba, wala si baada. Sheria ya Texas inamtaka mwenye kiwanja awape nafasi ya mkataba wa kwanza wa angalau miezi 6. Ombeni mrefu zaidi, na ombeni kiwango cha juu cha kupandisha kodi kiandikwe humo. Ulizeni nani analipia maji na takataka, na kama mkiuza nyumba mnunuzi wenu ataruhusiwa kubaki palepale.

Jambo la mwisho, na hili wengi hulipita: simamieni wenyewe siku nyumba inapowekwa. Ardhi lazima iteremke ikitoka kwenye nyumba, nusu inchi kwa kila futi, kwa futi 10 za mwanzo. Chini itandazwe nailoni nzito ya mil 6, yaani sehemu sita za elfu za inchi. Nguzo za matofali ya saruji zikae juu ya kitako imara, na fremu ya chesisi isipungue inchi 12 kutoka ardhini. Maji yakituama hapo chini, udongo unalainika, nguzo zinazama, na nyumba mpya kabisa inaanza kupinda. Kasoro yoyote iandikeni barua mapema: mpango wa HUD wa kusuluhisha migogoro unahusu kasoro zilizoripotiwa ndani ya mwaka 1 tangu nyumba iwekwe mara ya kwanza.

Swali: Nimeonyeshwa nyumba ya mwaka 1988 kwa dola 22,000, kwenye ardhi ya muuzaji mwenyewe. Nikague nini? – Msomaji, Fort Worth

Jibu: Nenda na tochi, pimamaji na nguo za kuchafuka. Nje, kwenye ncha ya kila kipande, tafuta kibati chekundu cha HUD chenye herufi tatu na namba. Kisipokuwepo, mikopo mingi itakukwama. Kisha ingia uvunguni. Plastiki inayofunika tumbo la nyumba ikiwa imechanika, baridi na panya vimeshaingia. Angalia bomba la kikaushio cha nguo: mara nyingi utalikuta limeishia hukohuko chini badala ya kutoka nje, linamwaga unyevu kwenye mbao kila siku.

Ndani, kanyaga kwa kisigino kuzunguka choo, kando ya bafu, mbele ya tangi la maji moto na chini ya madirisha. Sakafu za miaka hiyo mara nyingi ni chipibodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ikinywa maji inavimba kama mkate uliolowekwa, na haikauki ikarudi ilivyokuwa. Sehemu moja laini hubadilishwa. Zikiwa tatu, achana nayo. Fungua kabati la sinki: mabomba ya kijivu yenye maandishi PB2110 ni polibutilini, aina ya plastiki, hupasuka bila dalili, kwa hiyo ondoa kwenye bei gharama ya kuyabadilisha yote.

Milango inayokwama na nyufa kwenye pembe za madirisha zina maana kwamba nguzo zimecheza. Udongo wa mfinyanzi wa sehemu nyingi za Texas huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi. Hilo hurekebishwa kwa jeki na kabari, na si kasoro ya kukimbia kama sakafu ni nzima. Kabla ya kutoa hata dola moja, tazama rekodi za TDHCA kama nyumba ina deni la mkopo au la kodi ya serikali.

Swali: Naweza kununua nyumba iliyoko Dallas nikaihamishia Galveston? – Msomaji, Houston

Jibu: Angalia kwanza karatasi ya taarifa ndani ya nyumba, kwa kawaida karibu na sanduku la umeme, kabatini jikoni au kwenye kabati la chumbani. Ina ramani ya kanda za upepo. Galveston ni kanda ya II. Nyumba ya kanda ya I, kama nyingi za Dallas, haikujengwa kwa upepo wa pwani na haitakiwi kuwekwa huko. Ya kanda ya II inaweza kwenda kanda ya I bila shida. Na popote itakapokaa, hata ikiwa na mikanda na nanga zote za kuifunga ardhini, tahadhari ya kimbunga ikitolewa ondokeni humo mwende kwenye jengo imara.