Breka inajizima, fundi anataka kuweka kubwa zaidi

SWALI: Breka ya soketi za jikoni ni ya ampea 20, waya wa milimita 2.5. Nikiwasha birika, pasi na jiko la umeme pamoja, robo saa haipiti inajizima. Fundi anashauri niweke ya 32. Nikubali?

JIBU: Usikubali! Birika la wati 2,200, jiko la 3,000 na pasi ya 1,800 ni wati 7,000. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 30. Ndani ya breka kuna kibapa cha metali mbili zilizogandamana. Kikipata joto kinapinda taratibu hadi kifyatue swichi, ndiyo maana inakawia. Ukiweka ya 32, kibapa kitatulia tu huku waya ukiungua ukutani. Jiko livutiwe laini yake: waya wa milimita 6, na hapo ndipo breka ya 32 inafaa.

Shoti ni habari nyingine. Hiyo hukatwa na koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya breka unaogeuka sumaku, papo hapo. Kwa breka aina ya C, mkondo ukifika mara 5 hadi 10 ya kiwango chake. Cheche inayozuka husukumwa kwenye vibati vya chuma, ikakatwa vipande na kuzimika.

Ila mtu akishika waya, breka hiyo haimwokoi. Ongeza breka ya uvujaji, ile inayokata umeme ukivuja nje ya waya, ya miliampea 30, na uibonyeze kitufe cha T, cha kuijaribia, mara kwa mara, isipojizima, ibadilishwe.