Punda anayeamka amekakamaa: acha kukimbilia sindano

Kijana mmoja wa Kibaigwa ameniandikia wiki hii. Punda wake anavuta mkokoteni wa mahindi, na kila msimu wa mavuno mgongo wake hukakamaa. Asubuhi anatoka zizini kwa hatua fupifupi huku akiburuta miguu ya nyuma, jua likimpata mwili unalainika, anafanya kazi siku kadhaa, kisha hali inarudi. Ameshachomwa sindano mpaka amechoka kulipia. Wenzake wanamwambia amuuze.

Mdogo wangu, hayo maneno nayajua. Kijivu wangu niliambiwa nimuuze enzi zile wanunuzi wa punda wa kuchinja walipokuwa wakipita vijijini kwetu na fedha mkononi. Mimi maji ndiyo yanayonilisha. Nachota kisimani na kuwapelekea mafundi wanaojenga huku pembezoni mwa jiji la Dodoma, na bila punda sina kazi. Majirani walinicheka waziwazi: unamlisha punda kilema wakati bei ni nzuri? Februari 2024, Umoja wa Afrika ulipopiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15, Kijivu alikuwa akivuta mkokoteni palepale mbele ya nyumba za walionicheka. Sijasahau, na sioni sababu ya kusahau.

Kilichoniuma zaidi ni muuza dawa za mifugo mmoja. Kila nilipokwenda aliniuzia antibiotiki ileile. Hakumgusa punda, hakuuliza anabeba nini. Antibiotiki inaua bakteria. Kiungo kilicholemewa na mzigo haitakisaidia kitu.

Aliyenisaidia ni afisa mifugo wa kata, mama mmoja mtaratibu sana. Hakutoa sindano. Alipitisha vidole viwili pembeni mwa uti wa mgongo, kuanzia mabegani kuelekea kiunoni, akibonyeza polepole. Alipofika mahali matandiko yanapokaa, ngozi ikatetemeka, Kijivu akaubonyeza mgongo wake chini na masikio yakaenda nyuma. Hakulia wala hakupiga teke. Punda huficha maumivu, akaniambia. Ukimwona anachechemea ujue ameumia siku nyingi. Ndipo akainama kutazama kwato. Za mbele zilikuwa ndefu, zimepinda juu kama ncha za makubazi ya zamani.

Basi anzia hapo, kwenye kwato. Kwato ikirefuka, pembe ya mguu mzima inabadilika, kifundo na goti vinalemewa, na mnyama anakaza mgongo ili kukwepa maumivu ya chini. Zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 10 na mtu anayejua, si kwa panga. Kama zimerefuka sana zipunguzwe kidogokidogo kwa awamu. Ukizikata zote siku moja utamtonesha.

Kisha mzigo. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Punda wetu wengi wana uzito kama wa kilo 150, na mgongoni asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake. Madumu mawili yanatosha. Manne ni kilo 80, na ndivyo tunavyowaona barabarani kila siku. Halafu punda wa miaka miwili anabebeshwa wakati mifupa yake haijakomaa! Huyo mgongo utamsumbua maisha yake yote.

Kwa wenye mkokoteni wa magurudumu mawili kama wewe, tazama unavyopanga magunia. Yakielemea mbele, uzito wote unashuka mgongoni kupitia ile miti miwili ya ubavuni. Yakielemea nyuma, miti inanyanyuka na mkanda wa tumbo unamkaba. Pakia, kisha inua miti kwa mkono wako mwenyewe: iwe myepesi. Na nira ya ng'ombe muachie ng'ombe, maana punda anavuta kwa kifua. Mkanda wa kifua uwe mpana, ukae juu ya ncha za mabega bila kubana koo. Matandiko yawe na mito miwili, mmoja kila upande, katikati pabaki wazi ili uti wa mgongo usiguswe kabisa. Mfuko wa sandarusi unachubua na kushika jasho. Tumia blanketi la pamba, lifue.

Mengine ni madogo lakini usiyaache. Mpe mahali pakavu penye vumbi laini agaragare. Kijivu alipoanza tena kugaragara hadi kugeuka upande wa pili nilijua mgongo umeachia. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Dodoma una baridi na upepo, kwa hiyo awe na kizuizi, na asubuhi atembezwe bila mzigo kwanza. Siku ya kupumzika iwe ya kupumzika kweli.

Dawa ya maumivu ipo, ila aandike daktari wa mifugo. Fenilbutazoni, kwa mfano, huondoka mwilini mwa punda haraka kuliko kwa farasi, kwa hiyo kipimo cha farasi hakimfai. Na ikitumika vibaya inaumiza tumbo na figo. Dawa ya binadamu usimpe.

Nasema kwa ukali kwa sababu nimechoka kusikia watu wazima wakijitetea kwa "punda afe mzigo ufike". Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtwisha mnyama mgonjwa ni ukatili hata kama mtaa mzima unafanya hivyo. Anakusomeshea watoto. Mheshimu.

Wewe wa Kibaigwa, kabla ya gunia lolote kesho, kagua kwato, bonyeza mgongo kwa vidole, inua miti ya mkokoteni. Akikataa kuinua mguu au akilala muda mrefu kuliko kawaida, usimfunge kwenye mkokoteni kabisa. Mwite afisa mifugo wa kata yako siku hiyohiyo, na umwonyeshe mkokoteni ukiwa umepakiwa.