AC ya dakti kwenye nyumba ya zamani: dai kotesheni iliyochambuliwa kabla ya kufunga jipsamu

Mkuu, umeuliza kama nyumba yako ya Mbezi Beach unayoikarabati uiwekee AC moja kubwa ya dakti, yaani inayosambaza hewa vyumbani kwa njia zinazopita darini, au za ukutani kila chumba, na fundi kakupa bei ya jumla, mstari mmoja tu. Bei ya namna hiyo usiikubali. Nilipokarabati kwangu Tabata niliweka dakti sebuleni na sehemu ya kulia, vyumbani nikaweka za ukutani, na sijutii.

Sababu kubwa ni LUKU. Mashine ya dakti ya BTU 60,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), yaani tani 5, inavuta takriban kilowati 5 kompresa ikiwa kazini. Saa 6 mfululizo ni uniti 30. Kwa takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwemo, hiyo ni zaidi ya 10,000 kwa siku, karibu 320,000 kwa mwezi. Usiku mnalala vyumba viwili, vingine mnampozea nani? Ya ukutani ya BTU 12,000 yenye inveta, kifaa kinachopunguza kasi ya kompresa, huvuta takriban kilowati 1 mwanzoni, chumba kikishapoa inapungua sana. Dakti unaweza kuigawa kwa milango ya hewa inayofungwa na kufunguliwa kwa kila chumba, ila bei inapanda.

Kabla ya mashine, hela yangu ya kwanza ilikwenda darini. Chini ya bati mchana wa Februari ni tanuri, na dakti inapita humo humo. Nilitandika foili na sufi ya kioo za kuzuia joto, nikaziba mianya ya madirisha ya alumini, ndipo fundi akapiga hesabu ya joto linaloingia kila chumba. Sebule ikahitaji mashine ndogo kuliko aliyokuwa ametaja mwanzo. Fundi anayekadiria BTU kwa kuangalia upana wa chumba tu, bila kuuliza ukuta gani unapigwa na jua la jioni, mimi simpi kazi.

Kwenye kotesheni, mashine iwe na mstari wake. Dakti na sufi yake, mabomba ya shaba kwa mita, waya na breka, bomba la maji, kutindua ukuta na kurudishia plasta, vyote viandikwe peke yake. Ulizia na gesi ya kupozea: R22, ya zamani, inaondolewa sokoni duniani kote, usiuziwe mashine yake hata kwa bei ya kutupa. Mashine kubwa nyingi zinataka umeme wa njia tatu. Kama mita yako ni ya njia moja, gharama ya TANESCO iingie kwenye bajeti mapema.

Kwa unyevu wa Dar mashine inatoa maji mengi, kwa hiyo bomba lake liwe na mteremko njia nzima, na ulijaribu kwa kumwaga ndoo ya maji kabla ya fundi dari kupanda. Mabomba ya shaba nayo yajazwe naitrojeni, yaachwe na presha usiku kucha kuona kama yanavuja. Acha mfuniko wa kuingilia darini, la sivyo siku ya sevisi mtavunja jipsamu. Huko kwako kuna chumvi ya bahari pia: mashine ya nje iwe na mapezi yaliyopakwa kinga ya kutu, na ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara.

Kama paa lako ni lile la kuficha, lenye nafasi ndogo darini, huenda dakti isipite kabisa. Pima nafasi kati ya dari na kenchi upande wa sebule, uiandike hapa, ndipo tuzungumze saizi.