Siku ya 31 ya bekapu ya majaribio

Siku ya 31, yaani siku 30 za bure zikiisha, programu nyingi za bekapu za majaribio hazipigi kelele. Kidirisha kidogo kinajitokeza pembeni mwa skrini, mwenye saiba (duka la intaneti) anakifunga kwa sababu mteja wa kodi ya iTax amekaa mbele yake, na ratiba ya bekapu inasimama hapo. Diski ikija kufa miezi kadhaa baadaye, nakala iliyopo ni ya kale. Ndiyo maana tunawaambia wenye saiba, studio za picha na ofisi za shule hapa Kisumu: siku hizo za bure zisiishie kwenye kuhifadhi. Rudisheni kitu kabla hazijaisha.

Siku ya kwanza, hata kabla ya bekapu yenyewe, tengeneza kwa programu hiyo flashi ya uokoaji, ile ya kuwashia mashine Windows ikigoma. GB 8 zinatosha, ila vyote vilivyomo vitafutika. Zima mashine, uiwashe kwa flashi hiyo: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Kisha angalia jambo moja tu: diski ya ndani inaonekana kwenye orodha? Kwenye laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 kuendelea haionekani, kwa sababu flashi haina draiva ya Intel RST, ile inayoiwezesha kuiona diski. Afadhali ujue leo mashine ikiwa nzima. Itengeneze flashi upya kwa kuchagua aina ya WinPE (Windows ndogo ya uokoaji) na kuongeza draiva hiyo. Kama BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga data ya diski, imewashwa, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Ukiuweka ndani ya mashine hiyohiyo umejifungia nje.

Diski ya nje iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT. FAT32 haibebi faili ya GB 4 au zaidi, kwa hiyo programu itaikata bekapu vipande vipande au itagoma katikati ya kazi. Tundu la USB 2.0 hupitisha takribani MB 30 kwa sekunde, yaani GB 120 huchukua zaidi ya saa moja. Tundu la buluu la USB 3.0 na diski ya kawaida inayozunguka, kama dakika 20. Saa nzima ni ndefu stima inapopotea ovyo: mashine ya mezani isiyo na UPS usiianzishie bekapu jioni mawingu yakianza kukusanyika upande wa ziwa. Kebo iliyolegea nayo huharibu nakala vilevile.

Bekapu ikikamilika, rudisha folda moja kubwa mahali papya, tuseme D:\jaribio. Linganisha idadi ya faili na ile ya folda asili, kisha fungua kumi hivi ukichanganya picha, Excel na PDF. Alama ya kijani ya “imefaulu” haimaanishi lolote mpaka faili zifunguke. Bekapu nyingi za aina hii hukaa katika muundo wa mtengenezaji mwenyewe, kama .mrimg ya Macrium au .tibx ya Acronis, na Windows peke yake haiwezi kuusoma. Folda muhimu zaidi, basi, zinakiliwe pia kwa njia ya kawaida ya kunakili na kubandika.

Ikiwa programu inadai kadi kabla ya jaribio na umetumia kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, kumbuka malipo hukatwa kwenye salio lako. Zima usajili unaojirudia wenyewe siku hiyohiyo; siku zako za bure kwa kawaida hubaki. Matoleo yaliyovunjwa kufuli yanayouzwa kwenye flashi mitaani hatuyagusi. Bekapu ni kitu unachokipa ruhusa ya kusoma mashine nzima.

Programu za kufukua faili zilizokwisha kufutwa ni jamii nyingine. Hizi karibu zote huskani bure, halafu hukuzuia pale unapotaka kuokoa. Toleo la majaribio la R-Studio huokoa faili ndogo tu, za hadi KB 1024: barua ya Word itapita, picha ya harusi ya MB 6 itabaki. Si neno. Unachotafuta hapo ni kujua kama kuna cha kulipia, na jibu liko kwenye onyesho la awali (preview), si kwenye jina la faili. Picha ikionekana vizuri nusu ya juu na chini yote ni kijivu, sehemu hiyo imeandikwa juu na data nyingine; hata ukilipa hairudi. Jina lipo, ukubwa ni sahihi, lakini ndani ni tupu, na diski ni SSD, ile isiyozunguka? TRIM imeshapita: Windows ilipofuta faili iliiambia SSD kwamba nafasi ile haihitajiki tena, nayo ikaisafisha.

Usisakinishe programu ya kufukua kwenye diski iliyopoteza faili, wala usiipakulie humo. Italalia kilekile unachokitafuta. Zima mashine, toa diski, iunganishe kwenye mashine nyingine kwa kebo ya SATA kwenda USB, na ulichookoa kiende diski ya tatu. Windows ikikuomba uifomati, kataa. Diski ikigonga tik tik, usiskani kabisa, mpelekee fundi wa diski. Diski ikiwa nzima, anza na PhotoRec, ambayo ni ya bure na haina kikomo cha kuokoa. Karaha yake ni kwamba hupoteza majina mengi ya faili, hivyo tenga siku ya kupitia maelfu ya picha zinazoitwa f1284096.jpg na ndugu zake.